Pima Pampu ya Mafuta Kabla Hujashusha Tenki

Stata ikizungusha vizuri lakini injini ikagoma kuwaka, kitu cha kwanza kutajwa huwa ni pampu ya mafuta, na mara nyingi inabadilishwa bila kupimwa. Tenki linashushwa, pampu mpya inafungwa, ufunguo unazungushwa, na hali inabaki ileile. Kumbe ilikuwa rilei (swichi ya umeme inayoiwasha pampu), au waya ulioliwa na kutu, au sensa ya krenki iliyokufa, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Mwenye gari ametoa pesa na bado anatembea kwa miguu. Hili linaniudhi kila ninapoliona, kwa sababu vipimo vya kulizuia ni vya kawaida kabisa na vingi havihitaji hata kulala chini ya gari.

Kanuni ni hii: pampu haihukumiwi mpaka uthibitishe kwamba inapata umeme kamili na ethi safi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), na pamoja na hayo bado haitoi presha au wingi wa mafuta unaotakiwa. Kama umeme haufiki, pampu haina kosa. Kama presha na wingi viko sawa, basi vilevile haina kosa, hata kama inapiga kelele.

Maelezo haya ni ya magari ya petroli yenye nozeli (vipulizio vya mafuta kwenye injini) na pampu ya umeme ndani ya tenki. Ya kabureta na ya dizeli nitayagusa kwa ufupi tu.

Kabla ya kugusa chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye shimo la gereji, kisha unasubiri cheche. Fanyia kazi mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto wa aina yoyote, na kizima moto cha unga kiwe karibu na mkono wako. Vaa miwani.

Mfumo huwa umebaki na presha hata gari likiwa limezimwa tangu jana. Kuitoa, chomoa fyuzi au rilei ya pampu injini ikiwa inaunguruma, iache izime yenyewe, kisha piga stata sekunde chache. Kama injini haiwaki kabisa, zungushia kiungo kitambaa kinene kabla ya kukilegeza, na ulegeze polepole. Waya wa hasi wa betri uchomolewe kabla ya kufungua mpira wowote, kisha urudishwe pale tu geji ya kupimia presha imekwisha kufungwa na kila tone limefutwa.

Magari yanayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda yana pampu mbili: ya umeme ndani ya tenki, na ya presha kubwa kwenye injini. Upande wa pili unafika bar 50 hadi 200, na mingine zaidi. Dizeli za kisasa zinapita bar 1000. Mafuta yakitoka kwa presha hiyo yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama tundu la sindano linaweza kumfanya mtu akatwe kidole au mkono. Bomba hizo za chuma usizilegeze kwa ajili ya kupima. Presha yake inasomwa kwa mashine ya uchunguzi, basi.

Sikiliza dalili kwanza

Stata inazungusha, injini haiwaki hata kidogo. Hapa usianze na pampu. Hakikisha kuna mafuta. Geji ya dashibodi inadanganya, na boya lililokwama huonyesha robo tenki wakati tenki ni kavu. Mimina lita tano hadi kumi kisha ujaribu tena. Halafu tazama mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) wakati stata inazungusha. Kwenye magari mengi unatakiwa kutikisika na kuonyesha namba ndogo. Ukilala kwenye sifuri kabisa, shuku sensa ya krenki, kwa kuwa kompyuta ya gari isipopata ishara yake inakata cheche na pampu kwa pamoja. Na taa ya ufunguo ikimetameta kwenye dashibodi, ni mfumo wa kuzuia wizi. Nao pia, kwenye magari kadhaa, huinyima pampu umeme.

Kipimo cha haraka hapa: puliza kiasi kidogo cha spreyi ya kuwashia kwenye njia ya hewa, kisha piga stata. Injini ikikamata sekunde moja mbili halafu ikazima, cheche zipo na kompresheni ipo, kinachokosekana ni mafuta. Isipokamata kabisa, achana na pampu kwanza. Spreyi hiyo usiitumie kwenye dizeli yenye plagi za joto.

Inawaka baada ya kuzungusha muda mrefu, hasa asubuhi. Jaribu hivi: zungusha ufunguo hadi ON, subiri sekunde tatu, rudisha OFF, rudia mara mbili tatu, ndipo upige stata. Ikiwaka papo hapo, presha ilikuwa imevuja usiku. Pampu yenyewe inaweza kuwa na nguvu zote. Kinachovuja ni vali yake ya kuzuia mafuta yasirudi tenkini, au regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta), au nozeli inayodondosha. Jinsi ya kutofautisha nitaieleza kwenye geji.

Gari linatembea vizuri mjini lakini linafifia mlimani au kwenye mwendo mkubwa. Ukikanyaga linasita, linarukaruka, ukiachia linarudi hali yake. Hii ndiyo dalili ya kweli ya upungufu wa mafuta, kwa sababu injini inahitaji mafuta mengi pale tu inapobebeshwa mzigo. Lakini filta iliyoziba inaleta dalili hiyohiyo, na chujio dogo la kitambaa lililo chini ya pampu vilevile. Ukiwa na mashine ya uchunguzi, tazama masahihisho ya mafuta (fuel trim), yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Yakipanda upande wa kujazia kadiri unavyokanyaga, mafuta hayatoshi. Yakiwa juu gari likiwa limesimama tu na kushuka ukikanyaga, tafuta hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa ya hewa. Msimbo P0171, unaosema mafuta ni machache kuliko hewa, peke yake hautenganishi hali hizo mbili. P0087, unaosema presha ya reli (bomba linalogawia nozeli mafuta) iko chini, unakaribia zaidi.

Linazima likipata moto, linawaka likipoa. Mota ya pampu iliyochoka hufanya hivi, hasa tenki likiwa karibu na kuisha, kwa kuwa mafuta ndiyo yanayoipooza pampu. Sensa ya krenki nayo hufanya hivihivi. Na kuna sababu ya tatu ambayo wengi wanaisahau: njia ya hewa ya tenki ikiziba, pampu inanyonya huku hakuna hewa ya kujaza nafasi, mpaka inashindwa kuvuta. Gari likizima, shuka ufungue kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa inavutwa ndani kwa nguvu na gari likawaka muda mfupi baadaye, kosa liko kwenye hewa ya tenki na pampu iache ilivyo.

Mlio mkali kutoka siti ya nyuma. Pampu inayovuma kuliko zamani inafanya kazi kwa taabu: filta imeziba, mafuta ni machache, au mwili wake umelika. Huo ni wito wa kupima. Pampu nyingi zenye sauti zinatoa presha kamili.

Kipimo cha sikio

Mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine aweke sikio kwenye mdomo wa tenki au chini ya siti ya nyuma. Ufunguo ukifika ON, pampu inavuma sekunde mbili au tatu kisha inanyamaza. Hiyo inaonyesha kwamba rilei, waya na mota viko hai. Haionyeshi presha. Mota inaweza kuzunguka vizuri huku mpira wa ndani ya tenki umepasuka na mafuta yanajizungukia humohumo.

Ukimya nao una mtego. Toyota nyingi haziendeshi pampu ufunguo ukiwa ON, bali husubiri stata izungushe injini. Baadhi ya magari ya Volkswagen huijaza presha mara mlango wa dereva unapofunguliwa, kwa hiyo ukija kusikiliza baadaye pampu imeshamaliza kazi. Kwa magari kama hayo sikiliza wakati wa stata, au shika mpira wa mafuta karibu na reli. Pampu ikifanya kazi utahisi mtetemo na mpira ukikakamaa.

Kama kuna ukimya hata wakati wa stata, piga sehemu ya chini ya tenki kwa nyundo ya mpira, kwa kiasi, huku mwenzako anapiga stata. Injini ikiwaka, brashi za mota zimekwisha na pampu hiyo inakuaga. Itaendesha gari hadi nyumbani, labda na kesho, ila usiitegemee kwa safari.

Umeme: hapa ndipo kesi nyingi huishia

Anza na fyuzi. Itoe uipime kwa multimita, usiishie kuitazama. Fyuzi iliyokatika haikatiki bure. Weka nyingine ya ampea zilezile, na ikikatika tena tafuta waya uliochunika au pampu iliyokwama. Kwenye Ford nyingi, na baadhi ya magari mengine, kuna swichi ya ajali inayokata pampu gari likigongwa. Shimo kubwa la barabarani linatosha kuirusha. Kitufe chake kikiwa juu, kibonyeze.

Rilei ina miguu iliyoandikwa namba: 30 ni umeme kutoka betri, 87 unaelekea kwenye pampu, 85 na 86 ni za koili ndogo ya kuiamsha. Ukisikia "tap" ufunguo unapozungushwa, koili ni nzima, lakini koili kuwa nzima haimaanishi mguso wa ndani unapitisha umeme. Ichomoe, unganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya wenye fyuzi ya ukubwa uleule. Pampu ikivuma, upande wa waya na pampu uko sawa: badili rilei na nyingine inayofanana nayo ndani ya boksi hilohilo ujaribu. Ikivuma kwa waya huo lakini hata rilei nzima haiiwashi, amri haitoki kwenye kompyuta, na hapo unarudi kwenye sensa ya krenki na mfumo wa wizi.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna njia rahisi zaidi. Chini ya boneti utakuta kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani yake matundu ya FP na +B. Yaunganishe kwa kipande cha waya, ufunguo uwe ON, na pampu itazunguka mfululizo. Inasaidia sana kwenye vipimo vya presha na wingi.

Pampu isipovuma hata kwa njia hiyo, nenda kwenye soketi yake juu ya tenki. Magari mengi yana kifuniko chini ya siti ya nyuma, hivyo tenki halishushwi. Sasa kuna kosa moja ambalo limezipeleka pampu nyingi nzima kwenye chuma chakavu, na lina sura mbili. Fundi anachomoa soketi, anapima, anaona volti 12, anasema "umeme upo, pampu imekufa". Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba nao unaonyesha volti 12 usipokuwa na mzigo. Mzigo ukija, volti zinaanguka. Sura ya pili ni kupima chanya ukatumia bodi kama ethi, wakati ethi ya pampu yenyewe ndiyo mbovu.

Pima soketi ikiwa imechomekwa na pampu imeamrishwa kuzunguka, ukiingiza sindano za multimita kwa nyuma ya soketi. Nyekundu kwenye chanya ya pampu, nyeusi kwenye ethi ya pampu yenyewe. Usomaji usipungue sana kuliko wa betri. Kisha tafuta umeme unapopotelea: sindano moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu, pampu ikizunguka. Zaidi ya nusu volti ni nyingi. Rudia kati ya hasi ya betri na ethi ya pampu. Kwa vipimo hivyo viwili unajua kama tatizo liko njia ya kwenda au njia ya kurudi. Onyo moja: magari mapya yenye kompyuta ndogo ya pampu hupunguza volti makusudi injini ikiwa imetulia, kwa hiyo hapo soma wakati wa stata au injini ikibebeshwa mzigo.

Soketi yenyewe iangalie kwa macho ukiwa na tochi. Iliyoungua inajulikana: plastiki kuzunguka mguu mmoja imegeuka kahawia na kunywea, kishikio cha shaba kimekuwa cheusi na kimelegea kiasi kwamba mguu unateleza bila kukamatwa, na ukiinusa kuna harufu ya plastiki iliyopikwa. Soketi kama hiyo inaweza kuipa pampu volti 9 wakati betri ina 12.5. Gari litawaka, litatembea, kisha litafifia mlimani, na kila mtu ataapa ni pampu. Pampu mpya ikifungwa kwenye soketi hiyohiyo, gari litaendelea kufifia, na joto la mguu uliolegea litaila hata soketi ya pampu mpya. Badili soketi na kipande cha waya kilichopata joto.

Volti zikiwa kamili pande zote mbili na pampu haizunguki, ndiyo imekufa. Hapo shusha tenki kwa moyo mweupe.

Presha na wingi: kwa pampu inayozunguka

Funga geji ya presha ya mafuta. Baadhi ya reli za nozeli zina vali kama ya tairi, kwa hiyo ni kuchomeka tu. Nyingi hazina, hivyo utahitaji kiungo cha kuingiza kati ya mpira na reli. Tumia mipira na klipu za mafuta, si mpira wa maji.

Magari mengi ya nozeli za kawaida yanafanya kazi kati ya bar 2.5 na 4, yaani takriban psi 36 hadi 58. Namba sahihi ni ya kitabu cha injini hiyo, maana bar 3 ni nzuri kwa gari moja na ni upungufu kwa jingine. Toyota nyingi zisizo na mpira wa kurudisha mafuta, kwa mfano, zinataka kPa 304 hadi 343 (takriban bar 3 hadi 3.4), na injini ikizimwa presha isishuke chini ya kPa 147 (takriban bar 1.5) kwa dakika tano.

Soma mara tatu: pampu ikijaza, injini ikitulia, na injini ikibebeshwa mzigo. Ya tatu ndiyo yenye maana kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Pampu dhaifu hushika presha vizuri gari likiwa limesimama kwa sababu nozeli zinakunywa kidogo. Uendeshaji wa kupima ufanyike kwa mpira mrefu ulioidhinishwa, geji ikiwa nje ya kabati, imebanwa kwenye kioo cha mbele ili uisome ukiwa ndani. Hakikisha mara mbili hakuna tone linalodondoka, na mwingine aendeshe. Ukikanyaga mlimani presha ikaporomoka huku volti za pampu ziko kamili, mafuta hayapiti: ni filta, chujio la tenkini, au pampu.

Kwa mfumo wenye mpira wa kurudisha mafuta, regyuleta iko kwenye reli. Chomoa kimpira chake cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) injini ikitulia. Presha inapaswa kupanda kwa takriban nusu bar. Ukikuta petroli ndani ya kimpira hicho, ngozi ya ndani ya regyuleta imepasuka, badili. Presha ikiwa chini, bana mpira wa kurudisha (wa mpira, kamwe si wa plastiki) kwa sekunde mbili tu. Ikiruka juu sana, pampu ina nguvu na regyuleta ndiyo inayoachia. Isipopanda, rudi kwenye pampu na filta.

Sasa ile ya asubuhi. Zima injini, tazama geji. Ikishuka haraka, jaza tena presha kisha bana mpira wa kupeleka mafuta. Ikiacha kushuka, inavujia upande wa pampu. Ikiendelea, na ukibana wa kurudisha ikasimama, ni regyuleta. Ikiendelea hata vyote viwili vikibanwa, nozeli inadondosha. Toa plagi: ya silinda hiyo huwa nyeusi au mbichi kwa petroli.

Presha bila wingi haitoshi. Elekeza mpira kwenye chupa yenye vipimo, mbali na injini na betri, endesha pampu kwa sekunde 15, kisha zidisha mara mbili. Nusu lita kwa sekunde 30 ni kiwango cha chini kinachotumika kwa magari mengi madogo, na injini kubwa inataka zaidi. Mafuta hayo usiyarudishe bila kuyaangalia. Yaache dakika kumi kwenye chupa ya kioo: maji hutulia chini na mstari unaonekana wazi, na vumbi la kutu hulala pembeni. Chupa ikionyesha hivyo, tatizo lako limeanzia tenkini.

Ukiwa na mita ya ampea, iweke mahali pa fyuzi. Pampu nyingi za nozeli hula ampea 4 hadi 8. Zikizidi kiwango cha kitabu, pampu inasukuma kitu kilichoziba au mota yake inasagika. Zikipungua na presha ikiwa chini, ama umeme ni hafifu, ama pampu imelika ndani na haisukumi kitu.

Kabureta na dizeli

Pampu ya kabureta inayosukumwa na injini hutoa presha ndogo tu, takriban bar 0.2 hadi 0.5. Chomoa mpira upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa, piga stata waya wa koili ukiwa umechomolewa: mafuta yatoke kwa midundo yenye nguvu. Yakitoka kwa kudondoka, kagua kwanza mipira ya kunyonya, maana ufa mdogo huvuta hewa badala ya petroli. Kwenye dizeli, hewa ndiyo adui mkuu. Weka kipande cha mpira wa kuona ndani kati ya filta na pampu upande wa kunyonya, na ukiona mapovu injini ikizunguka, tafuta hewa inakoingilia kabla ya kulaumu pampu ya presha.

Ikithibitika ni pampu

Ukiinua pampu, tazama chujio la kitambaa kabla ya kulitupa. Likiwa na utelezi wa kahawia au chembe za kutu, osha tenki mpaka nguo nyeupe ipite bila doa, la sivyo pampu mpya itakula uchafu uleule. Badili chujio, filta kubwa kama ipo nje, na mpira wa duara wa kuzibia mdomo wa tenki. Mpira wa kawaida hautumiki ndani ya tenki. Unaozama kwenye petroli ni wa aina yake, na usiofaa huvimba na kupasuka.

Mimina angalau robo tenki kabla ya kuizungusha, isikauke. Kisha ON na OFF mara kadhaa, kagua kila kiungo kwa uvujaji, na rudia vipimo vyote kwa geji ileile: presha ikitulia, presha kwenye mzigo, na dakika tano baada ya kuzima. Andika namba hizo pamoja na volti za soketi, uziweke ndani ya gari.